Chumvi Juu ya Pampu

Mtu akiingia chumba changu cha pampu sikumwambia karibu. Nilimwambia, "Toa sweta." Machakos ina baridi yake, hasa mwezi wa saba, ukungu unapoteremka kutoka vilima vya Mua na kulala mjini mpaka jua lichoke kuungoja, na watu wa kwetu wanapenda sweta za kufuma. Sikujali. Nimemvua sweta diwani, nimemvua mchungaji, nimemvua mwalimu mkuu aliyeleta basi la shule akidhani namtania. Uzi mmoja wa sufu, mwembamba hata huuoni mpaka uuinue kwenye mwanga, ukiingia ndani ya pampu ya dizeli, mwenye gari atarudi baada ya wiki akisema mama yule hajui kazi. Na mimi kazi naijua. Sijawahi kuona haya kusema hivyo.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mabati, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, lakini ndani nilikipiga mbao laini, nikazipaka rangi nyeupe ya mafuta, nikaziba kila tundu. Asubuhi nilinyunyiza sakafu maji ili vumbi lilale. Vumbi la Machakos lina bidii. Lingekuwa mtu lingekuwa tajiri. Kabla ya kufungua pampu nilinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, kama mtu anayeenda kuzalisha, na mikono niliiacha ikauke kwa hewa. Kitambaa kina nyuzi.

Kazi niliirithi kwa baba. Alikuwa fundi wa pampu kwenye karakana ya mitambo ya barabara, na wakati wasichana wenzangu wanasuka vyondo, vikapu vyetu vya katani, mimi nilikuwa namwoshea kwenye karai nozeli, ile midomo inayopulizia injini dizeli. Alipostaafu alinunua meza kuukuu ya kupimia pampu, akaifufua, akanikabidhi mimi. Kaka zangu walinung'unika. Baba akawawekea plunja mbili mkononi akawauliza ipi imelika. Wakatazama, wakatazamana, na neno la urithi likaishia hapo.

Wateja wapya waliuliza, "Fundi ako wapi?"

"Umesimama mbele yake."

Wengine walicheka wakaenda kwa fundi mwingine, kisha wakarudi na pampu ileile ikiwa mbaya zaidi. Niliwapokea. Sikuwaambia nilijua mtarudi. Niliwaambia watoe sweta.

Pampu ya lori si kitu cha ajabu ukielezwa. Ndani yake kuna plunja, vijiti vya chuma vyenye unene wa kidole cha mwisho, na kila plunja ina silinda yake. Mbili hizo zimesagwa pamoja huko zilikotengenezwa na hazitenganishwi. Ukiichukua plunja ya hapa ukaipachika kule itaingia, lakini haitashika. Hakuna raba ya kuziba, hakuna grisi. Kinachoziba ni usawa wa chuma chenyewe, na kinacholainisha ni dizeli inayopita humo humo. Plunja ikilika, dizeli inavuja pembeni badala ya kusukumwa kwenda kwenye nozeli. Asubuhi dizeli ni baridi na nzito, inavuja kidogo, injini inawaka. Mchana injini ikiwa ya moto dizeli inakuwa nyepesi, inavuja karibu yote, na ukizima gari haliwaki tena mpaka lipoe. Mwenye haraka huimwagia pampu maji baridi, na gari likawaka. Dereva aliyewahi kumwaga maji hayo anajua moyoni kwamba pampu yake imekwisha, hata kama hajamwambia mtu.

Nilikuwa na sheria mbili nyingine mbali na ile ya sweta. Ya kwanza kila fundi mwaminifu alikuwa nayo: pampu haifunguliwi mpaka mwenyewe au mtu wake akae pale kwenye benchi atazame. Watu waliogopa kubadilishiwa vipuri, na walikuwa na sababu. Ya pili ilikuwa yangu peke yangu. Sikuosha pampu kabla mwenyewe hajaiona. Wenzangu waliiosha kwanza kwa dizeli na brashi mpaka ing'ae, ndipo wamwite mwenye gari, wakiona ndiyo heshima. Mimi niliuona huo kuwa upumbavu. Uchafu wa nje unaongea. Unakwambia inavuja wapi, nani alishaifungua kabla yako, gari linapita njia gani. Ukishauosha umemfunga shahidi mdomo.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea mwisho, wakati mafuta ya taa yalipokuwa balaa. Yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na kila mjanja kati yetu na Athi River alijua kuyachanganya. Dereva anauza dizeli ya tajiri kando ya barabara, anajaza pengo kwa mafuta ya taa, gari linaenda. Linaenda kwa muda. Mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli, kwa hiyo plunja zinasuguana kavu, zinachubuka, na siku moja lori linasimama. Zililetwa kwangu nyingi za namna hiyo. Kosa nililitaja kwa jina lake mbele ya tajiri na dereva, na madereva kadhaa walienda makwao kwa sababu ya kinywa changu. Sikujuta. Mwizi ni mwizi.

Ndiyo sababu mzee yule alikuja kwangu. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, Msomali aliyezaliwa papa hapa mjini, na baba yake kabla yake alikuwa hapa hapa. Alinunua mbuzi na ng'ombe kwenye masoko ya upande wa Wamunyu na mbele zaidi, akawapeleka machinjioni Athi River. Lori lake nililijua kwa mlio. Dereva wake pia nilimjua kwa sura: mtu wa Wamunyu, mkulima, Mkatoliki wa kila Jumapili, mkimya kiasi kwamba ungemsahau chumbani. Walikuwa wamezeeka kwenye kabini moja. Ndevu za mzee sasa zilikuwa nyekundu kwa hina, na dereva alikuwa ameanza mvi.

Jirani yangu, fundi wa injini, alikuwa ameshaing'oa pampu na kuileta kwenye sinia. Mzee aliingia, dereva akabaki mlangoni ameshika kofia.

"Mama, fungua hii kitu," mzee alisema kabla hajakaa. "Ukipata mafuta ya taa, huyu mtu anaenda kwao leo. Leo leo."

"Shikamoo kwanza haipo?"

"Habari yako, mama. Fungua."

Alikuwa na hasira ya mtu ambaye hajalala vizuri. Akanimwagia yote. Lori halipandi mlima, linatoa moshi, linakunywa dizeli kama ngamia aliyetoka safari. Wenzake wa sokoni walikuwa wamemwambia wazi: dereva wako anauza mafuta yako, anakuwekea ya taa. Na si hayo tu.

"Hata birika yangu ya udhu!" alisema. "Natoka hapa asubuhi nimejaza maji tamu ya mji. Nikifika mbele nataka kutawadha, naweka mdomoni, chumvi! Chumvi tupu! Hata maji ya Mungu anaguza. Mtu anaguza maji ya sala, ataacha dizeli?"

Dereva aligeuza kofia mikononi.

"Lisemwalo lipo," mzee alimalizia.

"Kama halipo laja," nikamjibu. "Ngoja tuone kama lipo ama bado liko njiani. Toa sweta."

Alikuwa nayo, ya kijivu, chini ya koti. Aliitoa akinung'unika kwa Kisomali, na sikuhitaji mkalimani. Nikamgeukia dereva nikamwambia naye aingie, akae benchi moja na tajiri wake, kwa sababu anayeshtakiwa ana haki ya kuona. Akakaa ukingoni kabisa.

Nataka ieleweke kilichokuwa kwenye sinia ile. Mwaka ule mvua ilikuwa imetukimbia, mashamba ya upande wa Wamunyu yalikuwa makavu kama sahani iliyooshwa, na familia ya dereva ilikula kwa usukani ule. Tena kufutwa kwa ajili ya mafuta ya taa hakukuwa kufutwa kwa kawaida. Neno lilimtangulia mtu. Hakuna tajiri yeyote, kuanzia kwetu mpaka Kinanie, ambaye angempa funguo za gari tena. Na aliyekuwa na neno hilo ni mimi.

"Nitasema kile naona," niliwaambia. "Kama ni yeye nitasema ni yeye. Na mzee, kama ni wewe, nitasema ni wewe."

"Sema tu," mzee alisema.

Nikavuta sinia kwenye mwanga. Pampu ilikuwa na vumbi na mafuta yaliyogandamana, kama ilivyotarajiwa. Lakini juu yake, kwenye mgongo, ilikuwa na ukoko mweupe, tabaka juu ya tabaka, kama ule wa chini ya sufuria ya chai ya miaka mingi. Nikaukwaruza kwa ukucha, nikaonja. Chumvi. Maji yanayorushwa na magurudumu hutoka chini, na huu ulikuwa juu. Basi kuna mtu amekuwa akiimwagia pampu hii maji ya kisima cha chumvi, na si mara moja wala mbili.

Nikamtazama dereva. Akatazama ukuta.

Nikajua kwamba alijua. Alijua pampu imekwisha, na amekuwa akiificha. Hilo pekee lingetosha kumharibia. Lakini kuna jambo lilinisumbua, nalo ni wingi wa chumvi yenyewe. Dereva mwenye pampu iliyolika hana shida ya kila siku. Anachofanya ni kutozima tu. Akishuka kunywa chai anaiacha injini ikinguruma, akinunua miraa anaiacha ikinguruma, anazima usiku akifika. Wote hufanya hivyo. Huyu alikuwa akizima mchana, injini ya moto, akijua haitawaka, kisha anamwaga maji. Kisha anazima tena. Mtu mwenye akili timamu hafanyi hivyo, na yule hakuwa mjinga.

Nikakunja gazeti, nikaukwangulia ule ukoko juu yake, nikauweka kando bila kusema neno. Ndipo nikaosha, nikanawa, nikafungua.

Dizeli iliyobaki ndani niliinusa kwanza, kisha nikaisugua kati ya vidole. Mafuta ya taa hukauka upesi na kuacha ngozi nyeupe. Hii ilibaki inateleza. Nikamshikisha mzee naye asugue, akasugua, akanusa, akakunja uso. Kisha nikatoa plunja moja moja, nikaiweka kila moja na silinda yake, mume na mkewe, kwenye trei yenye dizeli safi. Nikaiinua ya kwanza dirishani.

Plunja iliyokauka kwa mafuta ya taa ina michubuko inayong'aa, kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye changarawe. Hizi hazikuwa na michubuko. Zilikuwa na kiraka cha ukungu pale dizeli inapoingilia, chuma kimepoteza kung'aa polepole. Hilo ni vumbi laini la miaka mingi, pamoja na uzee. Nikaiachia plunja ishuke ndani ya silinda yake. Nzima hushuka taratibu, kama mtu anayeketi msibani. Hii ilianguka puu.

"Hii ni umri na vumbi," nilisema. "Mafuta ya taa hakuna. Hata tone."

Dereva alivuta pumzi nikaisikia.

"Una hakika, mama?"

"Mzee, nimewafukuzisha watu kazi kwa sababu ya mafuta ya taa. Ningekuwa nimeyaona ningekuficha wewe?" Nikamwonyesha kile kiraka. "Vumbi inapita kwa chujio mbaya. Chujio nani hununua?"

Mzee akakohoa. Chujio alikuwa akinunua yeye mwenyewe, za bei ya chini kabisa, na dereva hakuwa na sauti hapo. Nilimwacha akohoe mpaka amalize.

Nilidhani yameisha. Lakini mzee hakuwa mtu wa kuacha jambo likining'inia. Aliishika ile plunja, akaiangusha mwenyewe, puu, akaiangusha tena.

"Hii haijaisha jana," alisema polepole. "Imeanza zamani. Yeye ndiye anashika usukani, si mimi. Alijua. Mbona hakuniambia?" Akamgeukia. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu akinificha kitu moja, ananificha mbili. Mimi sitaki mtu wa kunificha. Mafuta ya taa ama si mafuta ya taa, sitaki."

Na hapo alikuwa na haki, ndiyo iliyoniuma. Ningekuwa tajiri ningesema vivyo hivyo. Nilimkasirikia yule dereva kwa ukimya wake. Nimemsafishia jina kwa mikono yangu, na yeye amekaa kama gunia la mahindi anangoja kubebwa nje.

"Ongea!" nilimwambia. "Uko na mdomo. Mwenzako ako na haki ya kujua."

"Sina neno, mwaitu," alisema. Mwaitu ni mama yetu. Ndivyo tunavyomwita mwanamke tunayemheshimu. Heshima yake haikunisaidia chochote wakati ule.

Nikachukua lile gazeti nikalifungua magotini pake.

"Hii ni nini?"

Akaangalia ile chumvi. "Ni maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya visima. Ya sokoni, pahali tunanunua mbuzi."

"Ulikuwa unamwagia pampu ndio iwake."

"Ii," akaitikia kwa kichwa.

"Na birika?" mzee akadakia. "Birika yangu?"

"Mara ya kwanza natumia ile maji tamu imebaki kwa birika, mzee. Halafu nikipata kisima najaza tena. Sikutaka uikute tupu. Sasa ya kisima iko na chumvi, ningefanya nini?"

"Umeona!" mzee aliniambia. "Umeona!"

"Ngoja," nikasema. Nilikuwa bado na swali langu, swali la fundi tu, na sikujua nilikuwa nauliza nini. "Mbona hukuwa unaacha injini ikinguruma? Kila dereva huacha. Wewe ulikuwa unaizima saa ngapi?"

Dereva akaikunja kofia yake mara moja, akaikunjua.

"Saa saba," alisema. "Na saa kumi. Na jua ikishuka."

Mimi ni mtu wa kanisani. Nilikuwa nazitafuta saa hizo kwenye ratiba za masoko. Ni uso wa mzee ulionijulisha. Kinywa chake kilikuwa wazi kwa neno lililokuwa linakuja, na halikuja.

"Siku ile pampu ilianza kusumbua," dereva akaendelea, akimwambia kofia, "niliacha injini ikinguruma ukienda kusali. Ulimaliza, ukakuja mpaka kwa gari, ukarudi tena kwa mkeka. Ukaniambia umesahau umefika rakaa ya ngapi sababu ya kelele. Ukaanza yote mwanzo. Nikaona hapana. Kutoka hiyo siku nikawa nazima. Ukikaribia kumaliza nachukua birika namwagia pampu. Ukipanda inawaka, tunaenda."

Huko nje mtu alikuwa akigonga bati, akaacha.

"Na mbona hukuniambia imeisha?" mzee aliuliza. Sauti ilikuwa imepungua nusu.

"Ningekuambia pampu imeisha, ungesema nini? Kila mtu pampu ikiisha wanasema ni dereva ametia mafuta ya taa. Nilisema nivumilie mpaka mvua inyeshe, labda nyumbani kutakuwa na kitu."

Nikalitazama lile gazeti. Nilikuwa nimeionja ile chumvi, nimeipima kwa ukucha, nimejipongeza kwa macho yangu makali. Tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilikuwa sala ya mtu mwingine. Nikalichukua gazeti magotini pake nikalikunja polepole, hata chembe isimwagike. Sioni haya kulisema hilo pia.

Mzee alisimama, akachukua sweta yake lakini hakuivaa.

"Mama, tengeneza," alisema, akatoka nje.

Dereva akaningoja nimwangalie. "Mwaitu, nimefutwa ama sijafutwa?"

"Sijui. Nishikie hii tochi."

Nikaifanya kazi ile kama ninavyojua kuifanya. Plunja zote zilitoka na silinda zake, zikaingia mpya, nilizokuwa nazo kwenye karatasi zake za mafuta. Nilizifungua moja baada ya nyingine ndani ya dizeli, vidole vikiwa vimelowa, bila kitambaa, bila haraka. Nikaipandisha pampu kwenye meza ya baba, nikaiwasha, nikatazama vioo vya kupimia vikijaa dizeli chini ya kila mdomo, nikalegeza hapa, nikakaza pale, mpaka vyote vikawa vinapanda pamoja. Kuna raha katika hilo ambayo sijaipata kanisani wala harusini. Kaka zangu wana mashamba mazuri, lakini hiyo hawaijui.

Muda wote ule mzee alikuwa uani, anatembea kutoka kwenye lori mpaka ukutani na kurudi. Jirani alipofunga pampu, mafuta yakavutwa, hewa ikatolewa, nikamwambia dereva apande tulipeleke lori kwenye mlima wa Mutituni, kwa sababu lori ambalo halijapanda Mutituni halijatengenezwa. Mzee akapanda naye, bila kuulizwa. Tulibanana watatu kabini, mimi katikati. Lori lilipanda likiimba. Moshi ulikuwa mwembamba, sauti nene na sawa, na dereva alibadilisha gia mara chache hata akasahau huzuni yake, nikamwona anakitabasamia kioo cha mbele.

Tuliporudi uani injini ilikuwa ya moto kabisa, na adhana ya alasiri ikaanza mjini. Hicho ndicho kipimo nilichokuwa nakitaka, wala sikukipanga.

Mzee alishuka, akatoa mkeka nyuma ya kiti. Kisha akasema, bila kumtazama dereva, "Usizime. Acha tu inguruma."

Dereva akazima.

Uani kukawa kimya mpaka nikasikia maji kwenye bomba langu, mzee akitawadha. Alitandika mkeka kando ya ukuta. Sisi tulikaa, dereva kwenye ngazi ya lori, mimi kwenye tairi kuukuu, na nilishangaa jinsi kimya kile kilivyomtosha yule mtu, jinsi alivyokikalia bila hata kutikisa mguu, kama kazi aliyoizoea. Birika la plastiki lilikuwa kwenye ndoano yake ubavuni mwa lori, limejaa. Niliona mkono wake ukilielekea mzee alipokaribia kumaliza. Kisha akakumbuka, akaurudisha.

Mzee alipokunja mkeka, dereva alipanda akagusa ufunguo. Injini ilishika mara ile ile. Sikushangaa, lakini nilifurahi mno, nikapiga bodi ya lori kofi kama mtu apigavyo mgongo wa ng'ombe aliyekamuliwa vizuri.

Jirani alikuwa ameagiza chakula, chapati na nyama ya mbuzi kutoka hoteli ya ndugu wa mzee, kwa maana mzee alikuwa ameshalipia bila kusema. Sinia iliwekwa juu ya pipa. Dereva alishuka, mikono myeusi kwa kazi ya kunishikia vyuma, akaanza kuelekea kwenye bomba.

Mzee alikuwa ameshaifikia ile ndoano. Akaliteremsha birika, akaja nalo mpaka mbele yake, akasimama.

"Leta mikono," alisema.

Kwetu anayeshika birika ni mdogo. Anamwagia mkubwa, au mwenyeji anamwagia mgeni. Kwao ni vivyo hivyo. Katika umri wangu wote sikuwa nimeona tajiri akimshikia dereva wake birika, wala dereva hakuwa ameona, kwa sababu aligeuka nyuma kutazama anayeambiwa ni nani.

"Leta mikono, wewe. Maji ni tamu, ni ya mji."

Akaileta. Mzee akamwaga polepole, akainama kidogo ili maji yasimrukie mwenzake miguuni. Dereva alisugua kiganja, akasugua vidole, na weusi ukatoka mpaka ukaisha, naye akaendelea kusugua, kichwa ameinamisha.

"Kesho tunatoka alfajiri, nikimaliza kusali," mzee alimwambia, bado anamwaga. "Usichelewe."